Kumjua kwa Mwendo

Katika viunga vya Dar es Salaam, mtu akisimamisha kitu chenye miguu mitatu basi anapima kiwanja. Hakuna tafsiri nyingine. Nimeliona hilo Mbweni, nimeliona Mtoni Kijichi, na Kunduchi nimelizoea kabisa. Nikishaweka darubini yangu kubwa juu ya miguu yake, hazipiti dakika kumi kabla hajanijia mtu mzima, mikono nyuma, akasimama ubavuni akitazama ninakotazama. "Kaka, hapa pameshauzwa?" Namjibu kwamba naangalia ndege. Kimya kinachofuata ni kirefu kuliko ambacho kingefuata kama ningesema pameuzwa. "Ndege gani?" Wale pale. "Wale wa kila siku?"

Utamu wote uko kwenye swali hilo, maana wale si wa kila siku. Mwezi mmoja nyuma wengi wao walikuwa hawajafika.

Siku ninayotaka kuisimulia ni Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025. Sikuichagua kwa sababu ni Jumapili. Niliichagua kwa mwezi. Anayetazama ndege wa msituni anahitaji kuamka mapema tu, basi. Anayetazama ndege wa pwani asipojua maji atashinda juani akitazama bahari tupu. Mwezi ulikuwa mpevu, wa Mfungo Sita, siku chache baada ya Maulidi, na mwezi ukiwa mpevu maji ni ya bamvua. Dar es Salaam bamvua lina saa zake: maji hukupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, kisha hujaa yakafika juu karibu saa kumi alasiri, na kati ya huko chini na huko juu pana zaidi ya mita tatu. Siku za maji mafu bahari inasogea kivivu, matope hayafunuki vya kutosha, ndege wanatawanyika ovyo. Lakini bamvua linafunua kila kitu na kukifunika tena ndani ya siku moja. Ndege hawa hawali kwa saa ya jua, wanakula kwa saa ya maji. Yakitoka wanashuka kula, hata kama ni usiku wa manane. Yakirudi wanapanda kulala, hata kama ni mchana kweupe. Ukishalijua hilo, nusu ya ufundi umeshaupata, na hujanunua hata kifaa kimoja.

Vitabu vya Ulaya vinausema msimu huu kuwa ni mwisho wa kiangazi. Kwetu kipupwe ndicho kinachokatika na demani inaingia. Upepo wa kusi bado unavuma ila umechoka, asubuhi unaweza kulala kabisa. Majahazi ya zamani kutoka Arabuni na Ghuba yalikuwa yakingoja kaskazi ndipo yatweke tanga kuja huku, kwenye Desemba na kuendelea. Ndege hawangoji. Wanaanza kuingia tangu Agosti, kusi ikiwa bado inawapiga usoni. Mzee mmoja wa Kunduchi, mvuvi aliyestaafu ambaye nitamwita Babu kwa kuwa ndivyo ninavyomwita, aliwahi kuniambia kwa dharau kidogo kwamba jahazi lililokuja Septemba lilikuwa limepotea njia. "Hawa," akanyoosha kidole, "hawana nahodha wa kumlaumu."

Nilitoka Mbagala saa kumi alfajiri. Nina bahati ya kukaa Temeke na kuwa na ndege wangu Kinondoni. Nasema bahati kwa sababu daladala mbili za alfajiri zinamtoa mtu usingizi vizuri zaidi ya kahawa. Mtongani nikashuka, nikachukua bodaboda mpaka Kunduchi Pwani, dereva akaniuliza kama ndani ya begi refu mna gitaa.

Sokoni boti zilikuwa zinaingia, na wenye soko, kama kawaida, ni kunguru. Hawa wa kijivu shingoni ni watu wa kuja. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, kwa imani kwamba watasafisha takataka za mji, wakavuka mpaka bara, na tangu hapo hakuna jitihada za kuwapunguza zilizowamaliza. Wanaiba dagaa kwenye vichanja, wanaiba mayai na makinda ya ndege wengine, na wana akili kupita kiasi. Mtu akiinama tu kuokota jiwe wameshaondoka. Nawapita. Siku ya ndege wa pwani sitaki kuanza na kunguru, ingawa daftari langu linadai waandikwe nao, kwa hiyo nimeandika: kunguru, wengi mno.

Nilimkuta Babu ameketi juu ya boti iliyopinduliwa, kikoi magotini.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Umechelewa, wameshashuka."

Kweli maji yalikuwa yameshatoka mbali. Jua lilikuwa limechomoza kitambo kidogo, na matope yalianza kung'aa kama sahani iliyooshwa. Kwa macho matupu unaona vitone. Vitone vinavyotembea. Hapa ndipo wengi wanaokuja na mimi mara ya kwanza hukata tamaa, kwa kuwa wamezoea ndege wa rangi: mdiria wa buluu, chiriku, heroe wa waridi. Ndege wa pwani, Septemba, ni wa rangi ya matope. Mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, miguu ya rangi ya kitu kilicholowa. Ukifungua kitabu (mimi nimetumia kile cha Stevenson na Fanshawe cha mwaka 2002 mpaka gamba limetoka) unakuta kurasa nzima za ndege wanaofanana kama watoto wa shule wenye sare moja. Mgeni anakifunga kitabu na kuuliza kama kuna chai.

Ila mzazi akisimama getini saa za kutoka shule hamkosi mwanawe, tena hajauona uso wake. Anamjua kwa mwendo. Ufundi wa kutazama ndege wa pwani ni huo huo, na kila kitu kingine, darubini, vitabu, programu za simu, ni mapambo yake.

Tazama yule mwenye kichwa cha mviringo na mdomo mfupi. Anakimbia hatua tano, anasimama kama aliyesahau kitu, anatulia, halafu anadonoa mara moja. Anakimbia tena. Jicho lake ni kubwa kupita kiasi cha kichwa chake, kwa sababu anawinda kwa kuona: anasimama ili matope yatulie na mnyoo ujisahau. Sasa tazama wale walio nyuma yake, kundi lililobanana, vichwa chini. Hao hawasimami kabisa. Midomo yao inaingia na kutoka kwenye tope kama sindano ya cherehani, na macho hayana kazi kubwa pale. Ncha ya mdomo ina mishipa ya fahamu inayohisi kilichojificha chini. Mmoja anawinda kwa jicho, mwingine kwa kugusa. Ndiyo maana wa kwanza hupenda kukaa mbali na wenzake, asichafuliwe uwanja, na hao wengine hula bega kwa bega. Ukishaelewa sababu ya mwendo, huusahau tena.

Kiswahili kina neno chamchanga kwa wale wadogo wanaodonoadonoa, na linatosha kwa mazungumzo. Halitoshi kwa daftari, maana chamchanga wako wengi. Kwa hiyo nina majina yangu ya mtaani. Yuko Mshona Nguo. Yuko Mfukuza Wimbi, mweupe, ambaye kwenye mchanga wa nje hulikimbiza wimbi likirudi na kukimbizwa nalo likija, siku nzima, bila kulowa goti. Yuko Mpindua Mawe, ambaye jina lake nadhani halihitaji maelezo. Na yuko mmoja mwenye mdomo uliobinuka juu na miguu ya njano, anayekimbia huku na huko kama aliyeangusha funguo. Huyo namwita Kondakta.

Sululu sikumpa jina mimi. Jina analo tangu enzi, na ni lile lile la chombo cha kuchimbia mitaro. Sijui fundi na ndege nani alimwazima mwenzake, lakini mtazame mara moja tu utakubali: mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, kichwa chenye mistari, na namna anavyouzamisha. Asubuhi hiyo mmoja alikuwa karibu sana, hatua arobaini hivi, akanisahau. Alitembea polepole, akainamisha kichwa upande, akauingiza mdomo kwenye tundu la kaa mpaka usoni. Akauzungusha kidogo, kwa kuwa umepinda na tundu nalo limepinda. Akatoka na kaa ameshikwa kwa mguu. Akamtikisa, mguu ukabaki mdomoni, kaa akaanguka. Akamdaka tena, akamtikisa, gando likaruka. Alipobaki kiwiliwili tu, akakibeba mpaka kwenye kidimbwi, akakichovya mara mbili, akakisuuza tope, ndipo akameza. Koo lilivimba, likashuka. Nikajikuta nami nimemeza mate.

Babu hatumii darubini. Siku ya kwanza nilimpa aangalie, akaangalia kwa adabu, akanirudishia. "Inamleta mmoja karibu," alisema, "lakini inaniondolea wenzake." Nimelifikiri sana neno hilo. Wenye vifaa tunapenda kumvuta ndege mpaka tuone unyoya wa mwisho, na huku kundi zima limeshanyanyuka upande wa pili bila sisi kujua. Siku hizi naanza kwa macho matupu, robo saa nzima, kabla sijafungua begi.

Aliniuliza kama ni kweli hawapumziki njiani. Nikamweleza habari ya jamaa yao mmoja mwenye mdomo mrefu uliobinuka kidogo, ambaye aina yake hufika hata Kunduchi. Mwaka 2022 kinda mmoja wa aina hiyo, mwenye miezi michache tu, alifungwa kifaa cha setilaiti huko Alaska, akaruka mpaka Tasmania, Australia, kilomita 13,560, kwa siku kumi na moja. Hakutua. Hakula wala kunywa. Kabla ya kuondoka ndege hao hunenepa kupita kiasi, na viungo vya kusagia chakula husinyaa, kwa kuwa safarini ni mzigo usio na kazi.

Babu alifikiri. "Utumbo anauacha nyumbani?"

"Anaupunguza."

"Basi huyo ni msafiri."

Saa nne maji yalikuwa yamefika mwisho wake. Kutoka ufukweni mpaka kwenye fungu la mchanga palikuwa matope, majani ya bahari na vidimbwi, na kisiwa cha Mbudya kwa mbali kilionekana kama mtu angeweza kukiendea kwa miguu. Akina mama walikuwa wameshatoka na ndoo na vyuma vya kuchokolea pweza, kanga zimefungwa juu ya magoti. Hapo ndipo utawaona walimu wa kweli. Mimi nilivua viatu nikafuata, nikazama mpaka magotini sehemu ambayo mtoto wa miaka minane alikuwa ameipita akiimba, na mama mmoja akanivuta kwa mkono bila kucheka, jambo ambalo namshukuru mpaka leo.

"Fuata wanapotembea hao ndege wako," aliniambia. "Wakizama wewe usipite." Kisha akaongeza lile ambalo sikulikuta kwenye kitabu chochote. Yeye hatazami maji kujua saa ya kurudi. Anawatazama wale weusi na weupe kwenye fungu. Wakianza kunyanyuka mmoja mmoja na kuja upande wa nchi kavu, yeye naye anageuza ndoo yake, hata kama kwa macho ya binadamu bahari bado haijatikisika. Ndege wamesimama kwenye ukingo wenyewe. Miguu yao inaambiwa kwanza.

Hao weusi na weupe ndio niliotoka Mbagala kwa ajili yao. Kitabu kinawapanga karibu na chamchanga lakini katika familia yao peke yao. Hawana ndugu wa karibu duniani. Wakubwa, wamesimama wima, mwili mweupe kama kanzu iliyopigwa pasi na mgongo umepigwa mstari mweusi, na mdomo mweusi mzito kama kisu cha mvunja madafu. Chakula chao ni kaa, nami nawaita Mla Kaa tu. Wanazaa kandokando ya Ghuba, Bahari ya Shamu, Oman na Somalia, na wanazaa kwa namna ambayo hakuna ndege mwingine wa pwani anayeifanya: wanachimba mashimo mchangani, na ndani kabisa jike hutaga yai moja, jeupe. Mchanga uliopashwa na jua la huko husaidia kuliatamia. Kwa ndege ambaye maisha yake yote ni mwanga na upeo wa macho, kuanza maisha gizani ndani ya shimo ni jambo ambalo sijalizoea mpaka leo.

Duniani kote inakadiriwa wako kati ya 60,000 na 80,000 tu, na maelfu yao hupitisha miezi yao ya kaskazi kwenye pwani yetu, Mafia na delta ya Rufiji zikiwa na sehemu yao kubwa. Kunduchi tunapata wachache. Siku hiyo nilihesabu ishirini na tatu. Na kati ya hao ishirini na tatu, wanne walikuwa wa kijivu badala ya weusi, makinda ya mwaka huo, na mmoja wa hao wanne alikuwa anaomba.

Huyo nilimtazama karibu saa nzima. Alikuwa mkubwa sawa na mzazi wake. Ameruka bahari nzima kutoka huko kaskazini, kwa mbawa zake mwenyewe. Na bado alimfuata mkubwa hatua kwa hatua, shingo ameikunja, kichwa ameshusha, akipiga mluzi mwembamba usiokatika. Mkubwa alikamata kaa, akageuka mgongo. Kinda akazunguka. Mkubwa akageuka tena. Mwishowe akamwachia. Wazazi wengi wa ndege hawa wa pwani huko Aktiki huwaacha makinda wajitafutie tangu siku ya kwanza. Mla Kaa humlisha mwanawe hata baada ya kumvusha bahari, miezi. Akina mama wenye ndoo waliniambia wanamjua vizuri yule mdogo, na jina walilompa ni la kijana mmoja wa pale mtaani ambaye naye hajatoka kwao. Silitaji.

Chakula cha mchana nilikila kivulini chini ya mibuyu, karibu na magofu. Kunduchi ina mabaki ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo ambazo zamani zilipambwa kwa sahani za kaure za China, na naona si vibaya mtu kula chapati na samaki wa kukaanga mahali ambapo watu walikuwa wakizikwa na habari za mbali. Nililala nusu saa. Ndege pia walikuwa wanakaribia kulala, maana maji yalikuwa yanarudi.

Saa nane na nusu nikawa kwenye majaruba ya chumvi nyuma ya mikoko. Sehemu hii ya siku ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayowachosha wengi. Hakuna kutembea. Unakaa juu ya tuta, jua nyuma yako, unangoja bahari ifanye kazi yako. Ndege waliokuwa wametawanyika kilomita nzima asubuhi, sasa maji yanawakusanya kama mtu anayefagia uwanja, yanawasukuma kutoka kwenye fungu, kutoka kwenye matope, kutoka kwenye mizizi ya mikoko, mpaka hawana pa kusimama isipokuwa hapa. Wanakuja kwa makundi, wanazunguka mara moja, wanashuka. Hapa pana maji ya kifundo cha mguu na uwazi wa kumwona adui akiwa mbali. Wakausha chumvi wa Kunduchi, maana chumvi hii haichemshwi kwa kuni bali inakaushwa na jua, nao kalenda yao ni ile ile ya kwangu: maji ya bamvua ndiyo huingizwa kwenye bwawa la kwanza, kisha hupitishwa bwawa hadi bwawa yakizidi ukali mpaka chumvi ikae. Kijana mmoja alikuwa anakwangua, lundo jeupe mbele ya ubao wake. Tukasalimiana kwa mkono wa mbali.

Hapa sasa ni kuhesabu. Hakuna anayehesabu ndege mia saba mmoja mmoja; kabla hujafika themanini wameshabadilishana nafasi. Unahesabu kumi kwa uhakika, unaitazama ile kumi inavyokaa, upana wake, kisha unaichukua kama kibaba na kuipima juu ya kundi lote. Kumi, ishirini, thelathini. Wakiwa wamebanana kibaba ni kidogo, wakiwa wametapakaa ni kikubwa, na kosa la wanafunzi wote, mimi nikiwemo kwa miaka mingi, ni kukadiria pungufu kundi likiwa kubwa. Nilikuwa nimefika mia nne na kitu mwewe alipopita. Wala hakuwa na shida nao, alikuwa anaelekea sokoni. Lakini kundi zima lilinyanyuka kwa mlio mmoja kama turubai linalopeperuka, likageuka jeupe, likageuka kijivu, likageuka jeupe, likashuka upande mwingine kabisa. Nikafuta. Nikaanza kumi.

Wengi wa hao walikuwa Washona Nguo, wale wenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini. Uzito wao ni kama yai la kuku. Wanatoka rasi ya Taimyr na pwani nyingine za Siberia, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka kwenye tuta nililokalia. Madume huondoka huko mapema, mwanzo wa Julai, mara tu majike yakishaanza kuatamia. Kisha majike hufuata. Makinda huja mwisho, peke yao, bila kuonyeshwa njia na mtu. Kwa hiyo ukitazama kundi la mwanzo wa Septemba kwa makini, unaona wakubwa wenye viraka vya rangi ya matofali kifuani, masalio ya nguo za arusi, na kati yao mmoja mmoja mwenye mgongo wa magamba safi, kila unyoya umepigwa ukingo mweupe, kifua cha rangi ya pichi. Huyo ni kinda. Alianguliwa Juni au Julai.

Na idadi ya hao makinda ni barua. Huko Siberia wako panya wafupi wanaoitwa lemingi, ambao miaka mingine hujaa na miaka mingine huadimika. Wakijaa, mbweha wa theluji hushiba panya na kuwaacha ndege walee. Wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na makinda. Mtu aliyeketi Kunduchi, akihesabu ni wangapi kati ya mia wana magamba mgongoni, anaweza kujua mbweha wa Taimyr walikula nini Julai. Sina ufundi mwingine ninaoujua unaompa mtu habari kama hiyo kwa nauli ya daladala. Siku ile kati ya mia moja niliowakagua, makinda walikuwa wanane. Lakini Septemba bado ilikuwa changa, wengine walikuwa njiani, na hesabu ya mapema ni kama kura za kituo kimoja.

Oktoba 2024 orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini ilishusha hadhi ya ndege wa pwani kumi na sita kwa mpigo, na huyu Mshona Nguo alikuwa mmoja wao. Yumo sasa miongoni mwa walio katika hatari ya kutoweka. Sikuhitaji kuambiwa. Majaruba niliyoyakuta nilipoanza kuja hapa hayapo yote. Moja limejazwa kifusi na lina ukuta na geti. Jingine lina nguzo za zege zilizosimama ndani ya maji, na juu ya nguzo moja alikuwa amesimama yangeyange. Sina wa kumshtaki, watu wanahitaji nyumba na mimi nakaa kwenye nyumba. Ila naandika. Daftari langu lina safu ya waliopo na safu ya wasiopo, na hii ya pili ndiyo inayonichukua muda, kwa sababu kuandika sifuri kwa haki lazima kwanza utafute kweli.

Yule mwenye swali lake alinijia nikiwa nafunga vifaa. Shati jeupe, simu mbili. "Samahani bosi, hapa mnapima?" Nikamkaribisha kwenye darubini. Aliinama, akatafuta, akanyamaza. Wakati huo kundi lilikuwa limelala, kila mmoja mguu mmoja, mdomo umezikwa mgongoni, na jua la saa kumi na moja lilikuwa limewapaka rangi ya shaba. Alikaa pale muda mrefu mpaka moja ya simu zake ikaita na asiipokee.

"Huyu mmoja ana jicho wazi," alisema.

"Wanapokezana."

"Ananiangalia mimi?"

Nilifika Mbagala giza limeshaingia. Mtaa mzima ulikuwa nje. Nilikuwa nimesahau, pamoja na kuupanga mwezi ule kwa wiki tatu, kwamba ulikuwa unapatwa usiku huo. Ilipofika saa mbili na nusu ulikuwa umemezwa wote, umebaki mwekundu wa kutu kama kifua cha Mshona Nguo wa Juni. Msikitini walikuwa kwenye swala ya kupatwa kwa mwezi. Watoto walikuwa juu ya tangi la maji, wakigombezwa washuke. Jirani aliniuliza kama darubini yangu inafaa na huko juu, nikaisimamisha uani, foleni ikaundwa.

Ilikuwa zamu ya bibi wa nyumba ya tatu. Nilikuwa nimemshika mkono asijikwae kwenye ile miguu mitatu, ndipo nikasikia. Juu sana, kutoka upande wa bahari: mluzi mmoja uliokatwakatwa, wa haraka, wa sauti moja. Nikahesabu vipande. Saba. Kimya, halafu tena saba, sasa ukiwa juu ya paa la msikiti, halafu kwa mbali upande wa Rufiji. Kumi na wawili tuliokuwa uani tulikuwa tunatazama juu wote, na hakuna aliyeona kitu.

"Nini hicho, mwanangu?" bibi akauliza, jicho bado kwenye darubini.

"Sululu, bibi."

"Usiku huu?"

Nikaingia ndani kutafuta daftari. Sululu, mmoja au zaidi, saa tatu kasoro robo usiku, kuelekea kusini. Hakuonekana.